Koti la Baba na Hoja ya Kulipiza

Baba yangu na mtani wake walibishana miaka mingi juu ya jambo ambalo hakuna mtu wa mji wetu wa Kalemie aliyewahi kuombwa ushauri wake: nchi iliyokwisha kupigwa bomu la nyuklia, nayo ina mabomu yake ghalani, ilipize au isilipize? Walibishana kila Jumapili baada ya misa, barazani kwetu, redio ikiwa katikati yao juu ya kigoda. Mimi ndiye niliyeleta chai. Nina duka dogo la dawa karibu na soko, nalifungua kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili nilitegemea kupumzika. Badala yake nikawa nasikiliza wazee wawili wakiteketeza dunia kwa mdomo huku wakiomba sukari zaidi.

Baba alifundisha jiografia sekondari hadi miguu ilipokataa kusimama mbele ya ubao. Mtani wake alikuwa fundi wa injini za mitumbwi pale bandarini, na hata akiwa amevaa nguo za misa alinukia petroli. Wote wawili kwao ni upande wa Moba, na koo zao ni za utani. Wazee wa huko husimulia kwamba zamani koo hizo zilipigana mpaka zikachoka, ndipo zikapatana kwamba kuanzia hapo zitatukanana badala ya kuuana, na kwamba mtu wa ukoo huu akifa, wa ukoo ule ndio watakaomzika. Kwa hiyo mzee yule alikuwa na haki ya kuingia jikoni kwetu bila hodi, kufunua sufuria, kuilaani mboga yangu, kuniita mke wake na kumwita baba mtumwa wake. Baba naye alimwita mtumwa wake. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu inakurudia wewe.

Hoja yenyewe waliletewa na redio. Kulikuwa na vita mbali, na mkubwa mmoja wa nchi yenye mabomu hayo alikuwa amesema kwamba nchi yake ikiguswa itajibu kwa kila ilicho nacho. Baba alitafsiri kutoka Kifaransa kwa ajili ya mtani, ingawa mtani Kifaransa anakisikia vizuri; alipenda tu kumwona profesa, ndivyo mji ulivyomwita baba, akifanya kazi. Kisha mtani akasema yule mkubwa amesema sawa, na hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Baba alikuwa na namna yake ya kuingia kwenye ubishi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha puani, akasema, "Twende polepole." Nusu ya watu wazima wa mji huu walipita darasani kwake, na wote wanaweza kumwigiza akisema hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa namwigiza jikoni.

Swali lake lilikuwa la mwalimu, yaani alilikata vipande. Hakuuliza kama ni vizuri kuwa na mabomu, wala kama ni vizuri kutisha. Aliuliza juu ya dakika moja tu. Makombora ya adui yamekwisha ruka, watu wako watakufa hata ufanye nini, na kidole chako kiko juu ya kitufe. Kufinya hakutaokoa mtu hata mmoja wa kwako. Je, utafinya? Baba alisema hapana. Alisema aliyetoa amri upande wa pili amekwisha kujificha chini ya ardhi, kwenye zege, pamoja na wakubwa wenzake, na atakaowaua wewe ni mwenye kuuza maandazi na mtoto anayerudi shuleni. Aliyefinya, alikuwa akisema, hayuko pale bomu linapoangukia. Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi hadi ningeweza kuisema usingizini.

Mtani alisema maneno hayo ni ya kanisani. Nchi ambayo jirani yake anajua kwamba haitajibu, imekwisha kufa tayari.

"Kama mwenzako anajua hautafinya," alisema, "atakupiga kesho asubuhi, na mukate mukononi."

"Basi umwambie utafinya," baba akajibu. "Umwambie kila siku, na kwa sauti kubwa. Aogope. Na siku yenyewe ikifika, usifinye."

"Sasa njo umenambia, weye mwenyewe," mtani akasema. "Nimejua. Kesho nakupiga."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kawaida. Hakuna aliyeshinda, na Jumapili iliyofuata walianza upya kana kwamba wiki nzima hawakuwa na kazi nyingine.

Siku nyingine baba alikumbusha kwamba jiwe lililotumika kutengeneza bomu la kwanza kuangushwa Japani lilichimbwa katika ardhi yetu hii ya Katanga, na wachimbaji hawakuambiwa ni la nini. Mtani akasema basi wenye jiwe wangeulizwa kwanza. Baba akasema ndiyo maana anabishana, labda ipo siku watakuja kuuliza na wakute jibu liko tayari. Nadhani alikuwa anatania, ila sina hakika. Aliniambia nimimine chai.

Mimi mwenyewe, kama wangeniuliza, nilikuwa upande wa mtani. Hoja ya baba niliiona ni ya mtu ambaye hajawahi kuibiwa. Mwizi aliyevunja duka langu nilimpeleka polisi mwenyewe, nimemkamata ukosi wa shati njia nzima, na tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu tena. Lakini hawakuniuliza, na mimi sikupenda kuongeza mdomo wa tatu kwenye baraza lile.

Kisha baba akagongwa na pikipiki. Ilikuwa alasiri, anavuka barabara ya soko kwenda kununua betri za redio. Aliyemgonga alikuwa motari kijana, mwendesha pikipiki ya kukodi, amepakia abiria na gunia la unga wa muhogo, anakimbia kama wote wanavyokimbia. Nyonga ilivunjika. Hospitalini walifanya walichoweza kwa vile walivyokuwa navyo, na dawa nyingine nilizitoa dukani kwangu, lakini hakumaliza wiki. Juu ya kijana yule hakusema neno. Aliuliza tu redio iko wapi, na kama betri zilipatikana.

Kijana alikuwa amekwisha kukimbia. Siku ileile ya ajali alipanda mtumbwi wa injini kwenda Zongwe, kwa ndugu zake wavuvi, na pikipiki akaiacha kwa mwenyewe. Kilichobaki mjini ni nyumba ya mama yake, ng'ambo ya reli, ya mbao na mabati. Mama yule anakausha ndagala, vile visamaki vya ziwani, na kuziuza, na analea wajukuu. Namfahamu kwa uso. Alikuwa ananunua kwangu dawa ya malaria ya watoto.

Nyumba hiyo ndiyo waliyoitaja vijana wa kwetu. Tulikuwa tumefunga bashi, turubai la kivuli, uwanjani mbele ya nyumba, viti vya plastiki vimekodiwa, wanawake wako ndani na shangazi yangu, wanaume nje. Mtoto wa shangazi, ambaye alikulia kwetu na baba ndiye aliyemsomesha, alisimama katikati ya kilio akatangaza kwamba siku ya kuzika, tukirudi tu makaburini, nyumba ile itawaka. Hakunong'ona. Alileta bidoni la njano lililojaa petroli, akaliweka chini ya nguzo ya bashi, mahali ambapo kila aliyekuja kutoa pole ilimlazimu aliruke kwa macho. Wazee walisema tuwe na subira. Askari wa mtaa walipita, wakakaa, wakapewa chai, wakaona bidoni, wakaaga.

Wamotari nao walisikia, maana hapa kwetu hakuna kisichosikika. Ukimgusa mmoja wao wanakuja wote, na honi zao. Walimtuma jirani atuambie kwamba wanasikitika kwa ajili ya profesa, kwamba wengi wao aliwafundisha, na kwamba nyumba ya mwenzao ikichomwa, bashi letu wanajua liko wapi.

Nami nilitaka ichomwe. Nasema hivi wazi kwa sababu watu huniuliza kama niliogopa, na ukweli ni kwamba sikuogopa. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, macho makavu, nikifikiria mbao zile zikishika moto, na fikra hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikinipa pumzi. Wajukuu niliwafikiria pia. Nilijiambia watatolewa nje kwanza. Nilijua kwamba watu wenye petroli mkononi hawapangi foleni namna hiyo, lakini nilijiambia hivyo.

Mazishi yalisimamiwa na watani, kama inavyopasa. Wao ndio waliochimba, wao ndio waliobeba. Mtani wa baba alifanya vituko vyote vya desturi. Kaburi lilipokuwa tayari alishuka akalala ndani yake, akakataa kutoka, akasema kitanda hiki ni kizuri kuliko chake na mtumwa wake hastahili kukipata, mpaka shangazi alipomtupia kitenge ndipo akapanda. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mtoto wa shangazi, naye alikuwa anatazama njia ya kurudia mjini.

Tulirudi jua likiwa bado kali. Watu walinawa mikono kwenye beseni, wakakaa. Vijana hawakukaa. Walisimama karibu na nguzo, na mmoja alikuwa amekwisha kuweka mguu juu ya bidoni. Hapo ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka, na baba akatoka.

Alikuwa mtani, amevaa koti la kahawia la baba, mikono mifupi kwake, miwani ya baba puani, fimbo ya baba mkononi, redio kwapani. Hiyo nayo ni desturi, na nilikuwa nimeisahau. Siku ya maziko mtani huvaa nguo za marehemu na kuzunguka nazo msibani, anatembea kama yeye na kusema kama yeye, ili watu wamwage machozi na kicheko pamoja, wamalize. Lakini lazima amwigize sawasawa. Akimtia marehemu mdomoni maneno ambayo si yake, wafiwa wana haki ya kumzomea na kumvua koti mbele ya watu.

Hakukosea. Alikokota mguu wa kushoto. Alijishusha kitini kwa kuugua mara mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na kabla hajasema kitu msiba wote ulikuwa unacheka. Aliomba chai, nikampelekea, akaonja, akaniambia, "Chai hii imepita karibu na sukari, haikuisalimia." Baba alikuwa akiniambia hivyo kila Jumapili. Nikacheka, na kicheko kikageuka katikati, nikalia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Akafungua redio, akaifunga, akauliza habari za leo ni gani. Shangazi, ambaye anajua kazi yake kwenye mambo haya, akamjibu kwamba habari za leo ni kwamba wewe umekufa.

"Eee," akasema. "Na nani amenipiga?"

Kicheko kikaisha. Mtoto wa shangazi alisogea mbele. Yeye pia alikuwa amekua akisikia ubishi wa baraza lile, na maneno yake aliyachukua humohumo.

"Motari," akasema. "Na leo siye tunafinya."

Mzee akavua miwani tena. Akaifuta. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Twende polepole," akasema. "Huyo aliyenipiga yuko wapi?"

"Zongwe."

"Na mule mu nyumba, nani anakaa?"

Shangazi ndiye aliyesema, toka mlangoni: mama yake, na wajukuu.

"Basi aliyefinya hayuko pale bomu linapoangukia," mzee akasema.

Wote waliowahi kupita barazani kwetu waliijua sentensi ile, na niliwaona wakiitambua. Mtoto wa shangazi aliitambua pia, na ilimkasirisha. Alisema kwamba maneno yamekwisha kusemwa, mji mzima umesikia, wamotari wamesikia. Tukinyamaza leo watatucheka, na kesho watamgonga mzee mwingine na kupita zao, kwa kuwa wamekwisha kujua kwamba sisi hatujibu.

Hiyo ilikuwa hoja ya mtani mwenyewe, neno kwa neno karibu. Alikuwa ameisema miaka yote akiwa upande wa pili wa kigoda kile. Nikamtazama. Nyuma ya miwani ya baba macho yalikuwa yake mwenyewe, na niliona kwamba anakubaliana na kijana. Akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nikafikiri atateleza, na sijui kama nilikuwa naomba ateleze. Kama angefungua mdomo akasema yale aliyoyaamini, ningekuwa wa kwanza kumzomea, na bidoni lingeondoka pale chini ya nguzo.

"Muliwaambia mutachoma," akasema mwishowe, kwa sauti ya baba, ile ya chini aliyoitumia darasani kelele zilipozidi. "Mulifanya vizuri. Waliogopa, wote. Mama yule hajalala tangu nife. Kusema ilikuwa kazi, na kazi imeisha. Sasa siku yenyewe imefika. Musifinye."

Kisha akainuka, akakokota mguu hadi kwenye nguzo, akamgusa kijana kwa fimbo ili autoe mguu wake, na akalikalia bidoni. Akasema hili ni la kwake, amelichukua, na mfiwa asiyetaka aje amnyang'anye.

Watani huchukua vitu msibani: kuku, sufuria, kitenge, chochote mkono wao unachokifikia, na hakuna mfiwa anayewanyang'anya, maana kufanya hivyo ni kuvunja kitu ambacho koo mbili zilikitengeneza baada ya kuzikana sana. Mtoto wa shangazi anajua hilo vizuri kama mimi. Alisimama mbele ya mzee yule, ngumi zimekunjwa, na sote tukaona akitafuta njia na kuikosa. Asingeweza kumpiga mtani. Na kwa kuwa ni mtani aliyemzuia, hakuna ambaye angesema kwamba ameogopa. Nadhani alilielewa hili la pili polepole zaidi ya la kwanza. Baadaye akakaa, na mtu akampa sahani.

Mzee akaibeba petroli hadi kwenye jenereta tuliyoazima kwa ajili ya taa, akamimina, akavuta kamba. Taa zote za bashi zikawaka, mchana kweupe, bila kumsaidia mtu yeyote. Iliyobaki akaenda nayo bandarini kwa ajili ya injini zake. Bidoni hatukulipata tena.

Wamotari hawakuja. Nyumba ile bado iko ng'ambo ya reli. Sisemi kwamba haki ilitendeka. Kijana yuko Zongwe na nasikia anavua vizuri, na hakuna aliyemwuliza kitu mbele ya hakimu. Mama yake hanunui tena kwangu. Anapita upande mwingine wa barabara, beseni kichwani, na mimi najifanya napanga rafu.

Jumapili baada ya matanga kuondolewa, mtani alikuja saa ileile, baada ya misa, akaketi kwenye kiti chake. Koti la baba ni lake sasa kwa desturi, na alikuwa amelivaa. Akafunua sufuria yangu, akalaani maharage. Nilimletea chai, na kwa mara ya kwanza nikaketi upande wa pili wa kigoda, kwenye kiti kilichokuwa tupu. Redio ilikuwa inasema mambo yaleyale, vita vilevile, wakubwa walewale wakiahidi kwamba watajibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaifunga.

"Papa," nikamwambia, "ile siku ulisema maneno yake. Na yako?"

"Yangu haikubadilika, muke wangu." Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. "Miye ningechoma."

"Hata miye," nikasema.

Akaniangalia. Nikadhani anatafuta tusi la kunitupia. Akavua miwani, ambayo haikuwa yake, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Basi ametushinda wawili," akasema, "na mwenyewe amekufa."